Barua za Piyaya Zimepata Fungu Lake

Dada Neema mpendwa,

Shikamoo kutoka Karatu, ambako ukungu haubanduki hadi saa nne na vidole vyangu vinakufa ganzi kwenye kompyuta.

Ile programu ya masomo yangu, ya kupanga barua ambazo wakulima na wafugaji waliiandikia ofisi ya kilimo na mifugo katika mafungu kwa kufuata maneno yake, ilikuwa imenishinda. Inabuni migawanyo mingi, inabakiza iliyo bora, inaichanganya izae mingine, kizazi baada ya kizazi. Lakini muda si mrefu migawanyo yote ilifanana, na barua za wafugaji wa kijiji cha Piyaya zikazikwa kati ya habari za mahindi.

Jumapili mwenyeji wangu hapa Qurus, Mama Paskalina, alinipakulia makande, kisha akaendelea kuchambua mbegu za maharage. Nikamweleza shida yangu.

"Unabakiza iliyo bora tu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hapo ndipo unapokosea, mwanangu. Mimi naweka na haya madogo, machache. Mwaka wa ukame ndiyo yaliyotulisha."

Jumatatu nikaiagiza programu ibakize pia migawanyo michache dhaifu, iliyo tofauti. Kufikia jioni barua za Piyaya zilikaa pamoja, zote zikilia kwamba ndama wanakufa. Nikampelekea bwana mifugo; alizisoma mfululizo, kisha akasema, "Kumbe ni ugonjwa mmoja!" Leo asubuhi ameondoka na dawa kwenda Piyaya.

Asante, dada, uliyezichapa barua zote bila kuruka hata moja. Mungu akutunze, na wabusu watoto.

Mdogo wako,
Elisante