Kiwanja cha Ruhuwiko Nilichokiuza Mara Mbili

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa nimejifungia ndani ingawa ni saa nne asubuhi, naomba unisaidie, kwa sababu mwaka jana nilimuuzia mjane aitwaye Kunegunda kiwanja kilicho mbele ya nyumba yangu hapa Ruhuwiko, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akanilipa yote, ila kabla hajajenga akaja mnunuzi mwingine, Aidan, na bei kubwa zaidi, shetani akanipitia, nikamwandikia naye kwamba kiwanja hakijawahi kuuzwa kwa mtu, nikapokea hela zake. Mama Kunegunda aliposikia hakunitukana, alikuja na fagio akafagia pale alipokuwa amepima nyumba yake kwa vijiti, chumba kwa chumba, kisha akasimama palipotakiwa kuwa mlango akasema, "Hodi," akasubiri kuitikiwa, na akafanya hivyo kila asubuhi mpaka alipougua tukamzika mwezi wa tatu, nami nilibeba jeneza. Tangu wiki iliyofuata kiwanja kinakutwa kimefagiwa, alama za fagio mbichi kabisa, nyayo hakuna, na jana Aidan kanipigia simu, "Mzee, nani anafagia kiwanja changu? Mafundi wamegoma kuchimba msingi," na leo hiyo hodi nimeisikia kwa masikio yangu. Mke wangu anasema kuvunja mkataba si jinai, tuwarudishie watoto wa marehemu hela yaishe. Je, naweza kufungwa?
Hironimus, Ruhuwiko

Hironimus, pole kwa hofu. Hiyo hodi siijui na sitajifanya naijua. Ila mkeo kasema nusu tu ya ukweli. Ungeshindwa kumkabidhi mjane kiwanja, au ungebadili mawazo ukamweleza wazi, hayo yangekuwa madai, mngemalizana kwenye baraza la ardhi. Wewe ulipokea hela za Aidan ukijua kiwanja si chako tena, ukaandika uongo ili akuamini. Huko ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, na ni jinai. Ndiyo, mtu hufungwa, na kurudisha hela peke yake hakufuti kosa. Halafu ukabeba jeneza! Hukuona aibu?

Sasa sikiliza. Usichane karatasi hata moja. Leo hii nenda kwa watu wa msaada wa kisheria hapo mjini, waeleze yote bila kupunguza. Watoto wa marehemu wapate kiwanja chao, si hela. Za Aidan zirudi zote, hata ukiuza pikipiki, kama unayo. Na umwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, usimtume mwenyekiti. Akisema anakwenda polisi, usimshike mkono. Mpishe.