Mhakiki wa Kipevu

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Wakio,

Pokea salamu zangu za dhati kutoka Changamwe. Jarida la kitaaluma nililolipelekea makala limenitaka nipendekeze wahakiki wawili waliobobea katika hisabati ya mawimbi, ndipo makala yangu ishughulikiwe. Nilipouliza aliko mhakiki, nilielekezwa bandarini Kipevu, kwa bwana wa forodha anayehakiki makontena. Aliigeuza makala, akauliza, “Mzee wangu, mzigo wenyewe uko wapi?”

“Ndio huo ulioushika.”

“Basi huu hauna ushuru! Karibu mahamri.”

Nilikula nikikuwaza. Wewe hunisikiliza hadi mwisho, ingawa huelewi. Natamani mtu mmoja anayeelewa anisome vivyo hivyo, hata kama ataikataa makala yenyewe.

Mola akutunze. Nina hamu nawe kupita kiasi.

Mumeo, Baba Wakio