Nana Abena Dufie, Mama Uliyekataa Kumtaja Mwanao

Mwaka umetimia, Nana, tangu utuage nyumbani kwako Asuofuo, Ijumaa ile, ukiwa umetoka kumwagilia nyanya chungu zako. Bado tunajisahau tunapopakua. Tunakutengea bakuli la fufu na mchuzi wa mawese, halafu tunabaki kutazamana.

Ulikuwa mkali, tusidanganyane. Asiyesalimia watu kuanzia upande wa kulia ulimrudisha mlangoni aanze upya, hata daktari aliyekuja kukupima presha. Lakini hakuna mjane aliyetoka kwako mikono mitupu. Na ukicheka ulifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa, utadhani kucheka ni kosa.

Wengi, hata hivyo, wanakukumbuka kwa wiki ile ya kigoda cha ufalme, kiti chetu cha enzi, na wanakukumbuka vibaya.

Mfalme, kaka yako, alipofariki, kumtaja mrithi ilikuwa kazi yako wewe, mama wa ufalme. Mji mzima ulijua utamtaja Kwadwo Antobam, mwanao wa kwanza. Mwenyewe alishaagiza kente ya kuvaa siku hiyo. Wazee wakakuletea kinywaji cha kukuomba jina, ukaomba muda. Wakaleta tena, ukaomba muda tena. Mji ukaanza kuchemka. Vijana wa Kwadwo wakajipanga getini na mapanga, na wa binamu yake, Mwalimu Osei Tabiri, wakajipanga ng'ambo ya barabara. Polisi wakasimama katikati. Ndani, hakuna aliyemaliza chakula chake.

Asubuhi ya kinywaji cha tatu, ambacho hakirudishwi, Kwadwo aliingia chumbani kwako bila kubisha.

"Mama, leo utanitaja au hunitaji?"

"Kaa kwanza. Umekula?"

"Watu wameshika mapanga nje, we unaniuliza kula?"

"Basi nenda, mwanangu. Nitasema nitakachosema."

Ukatoka uani. Mzee Agyapong, msemaji wa wazee, akakuuliza mbele ya umati, kama desturi inavyotaka: "Nana, huyo utakayemtaja, utamwapia juu ya kigoda kwamba tangu azaliwe mwili wake haujawahi kuwa na dosari?"

Ukasema, "Nitaapa. Namtaja Osei Tabiri, mtoto wa marehemu dada yangu."

"Huyu si mama, huyu ni mchawi," Kwadwo akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

Hukujibu. Kwa miaka sita hukujibu. Sokoni walisema umehongwa, wakasema unamchukia uliyemzaa. Kwadwo hakukanyaga tena kwako. Kila Jumapili ulimtuma binti yako Afia ampelekee chakula, kikarudi kama kilivyokwenda. Siku ulipokata roho alikuwa nyumba ya nne kutoka yako, na hakuja.

Baada ya mazishi, mdogo wako Maame Pokuwaa alishindwa kuvumilia. Akamwita Kwadwo.

"We mjinga," akamwambia. "Ulipokuwa na miaka mitatu ulianguka kifafa. Dada akakuficha kwangu shambani miaka miwili, mpaka ukapona. Kuapa uongo juu ya kigoda kwamba huna dosari asingeweza. Angesema ukweli, ungechekwa mji mzima, na binti za dada zako nani angewaoa? Akaona heri atukanwe yeye."

Nana, anayeandika tangazo hili ni mimi, Kwadwo. Dada zangu na binti zao wamelisoma kwanza, wakasema lichapishwe. Niliugua kifafa. Mama yangu alijua, na alinitunzia siri mbele ya watu wenye mapanga. Nataka kila aliyekuita mchawi alisome hili gazetini, na ajue kwamba neno hilo alilitoa kwangu. Naumia, Mama. Nimechelewa na ninajua.

Unakumbukwa na Mfalme Osei Tabiri, uliyemlea baada ya mama yake kufariki. Na mdogo wako Maame Pokuwaa. Na binti zako Akosua Fofie na Afia Konama. Na wajukuu zako kumi na mmoja. Na Kwadwo Antobam, mwanao, kama bado unamkubali.

Tutakukumbuka siku zetu zote.