Tulivyomlilia Mama Evariste

Jumatatu, 31 Machi 2025
Mvua tangu alfajiri. Mbuzi hawakutoka. Jioni mjukuu wangu Neema na wenzake wawili wa Kidato cha Sita walikuja barazani kwa somo la historia. Tumefikia Marekani, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nikaeleza: Kusini walilima kwa watumwa, Kaskazini hawakuwahitaji, na kila jimbo jipya lilipoingia waligombea liwe la nani. Kisha ikaja sheria ya watoro. Mtumwa akikimbilia Kaskazini, raia yeyote aliweza kuamriwa asaidie kumkamata. Neema akauliza kwa nini sheria hiyo iwakasirishe watu waliokaa kimya miaka yote. Nikasema: kwa sababu sasa mtoro amefika mlangoni kwao. Nililiona jibu zuri.

Jumatano, 2 Aprili
Evariste yuko jikoni kwetu. Mrundi, kibarua wa shemeji yangu Zabroni, mdogo wa mke wangu. Mama yake amefariki huko kwao. Mazishi yamempita. Yeye ndiye kifungua mimba, anataka awepo siku ya kuondoa matanga. Zabroni amemwambia amalize kwanza palizi ya maharage. Amefungia furushi lake stoo, nguo pamoja na kitambulisho. Bila kitambulisho mpakani hapiti.

Mke wangu kampa uji. Hakuniuliza kama nakubali. Nakubali. Naogopa pia.

Ijumaa, 4 Aprili
Zabroni alikuja. Hakupiga makofi ya salamu hata mara moja. Kwa sisi Waha huo tayari ni ugomvi.

"Shemeji, nipe mtu wangu."

"Mtu wako kwa vipi?"

"Nimemlisha tangu kupanda. Apalilie, aende. Au niwaambie wakubwa kwamba mwalimu mstaafu siku hizi anafuga wageni?"

Mke wangu akamjibu kutoka jikoni: "Zabroni, mama yetu alipokufa, wewe ulikwenda kupalilia?"

Akaondoka. Si mtu mbaya. Nilipovunjika mguu, yeye ndiye aliyenilimia msimu mzima. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumapili, 6 Aprili
Kanisani tumekaa pande mbili. Wenye mashamba makubwa kwa Zabroni. Wanasema huyu akiachiwa, vibarua wote watatoroka kabla ya mavuno. Wengine upande wetu. Waliosimama kuimba kwaya ni nusu tu.

Baadaye niliwaeleza kina Neema kwamba Marekani makanisa yalipasuka kabla ya nchi. Biblia moja, kila upande na mistari yake. Leo hakuna aliyeandika chochote, walinitazama tu.

Vijana wa Zabroni wameapa kuja kesho kumchukua kwa nguvu. Vijana wa upande wetu wanasema waje. Nimesikia mapanga yakinolewa. Nimewakataza. Sijui kama wamenisikia.

Jumatatu, 7 Aprili
Mke wangu aliamka kabla yangu. Akatandika mikeka uani, akawasha moto, akajifunga kitenge, akaketi chini na kumlilia mama yake Evariste. Kwa sauti. Mwanamke ambaye hatujapata kumwona.

Nieleze, ingawa najieleza mwenyewe. Kwetu penye msiba jirani hashiki jembe, na asiyefika huhesabiwa adui. Kabla jua halijawa kali mikeka ilikuwa imejaa. Pande zote mbili. Vibarua wa Zabroni nao waliacha palizi. Vijana walikuja na hasira zao, wakakuta mama zao wanalia. Wakakaa.

Zabroni alifika mchana. Akapiga makofi ya salamu, taratibu. Akaketi mwisho wa mkeka, furushi kando yake. Hakuna aliyelitazama.

Jumatano, 9 Aprili
Evariste aliondoka jana na furushi lake. Dada na mdogo wake hawajasemezana, ila mke wangu amempelekea Zabroni mkungu wa ndizi.

Kina Neema wamekuja. Swali la leo: je, vita vile vingeweza kuepukika? Walikaa tayari, wakijua ninavyopenda kueleza. Nikawaambia waandike wao kwanza. Mikeka ilikuwa bado uani. Nikaanza kuikunja.