Kitambaa cha Kiti cha Saba

Jumatatu, 8 Desemba

Dawa saa moja asubuhi, amemeza. Uji nusu kikombe. Mpira wa mazoezi ya mkono umemponyoka mara sita. Mara ya saba nimeuacha huko huko chini ya kitanda. Mgongo unaniuma.

Nesi alisema daftari hili ni la kuandika dawa tu. Sawa. Na haya mengine nimwambie nani?

Mama Rose amepiga simu, mwenyekiti wa chama cha akina mama kanisani. Anauliza kama Krismasi wanakuja kwetu kama kawaida. Kila mwaka ni maombi na chai hapa, kwa sababu Nyalenda nzima hakuna sebule inayopambwa kama ya mke wangu, Mama Atieno. Nikaenda chumbani kumwuliza. Akageukia ukuta. "Wasije."

Tangu kiharusi kimwangushe mwezi wa saba anatoa neno moja moja, na mengi ni ya kukataa. Hataki mtu aone mdomo ulivyopinda. Haketi sebuleni hata mimi na yeye tukiwa peke yetu.

Nikarudi kwenye simu nikasema njooni. Sijui nini kilinipata. Daktari alisema asipokaa na watu akajaribu kusema, ulimi utazoea kulala. Basi, nimeshasema. Yeye sijamwambia.

Jumatano, 10 Desemba

Nimeshusha katoni ya Krismasi juu ya kabati. Vumbi tupu. Baluni za mwaka jana zimegandana. Nyota aliyoikata Mama Atieno kwenye debe la mafuta ya kupikia bado inang'aa. Chini kabisa, vitambaa vya viti, vyeupe, ukingo mwekundu. Alianza kuvifuma Januari kwa ajili ya Krismasi hii.

Viti ni saba. Vitambaa ni sita. Cha saba ni nusu, na ile ndoano yake ya kufumia bado imo ndani, pale pale mkono wa kulia ulipoiachia.

Nimekaa sakafuni nikalia kidogo. Sijui kwa nini naandika "kidogo".

Kwake kiti bila kitambaa ni kama mtu bila nguo. Akitoka akakuta kimoja kiko uchi mbele ya wageni, atarudi kitandani na hatatoka tena. Namjua. Miaka arobaini na sita namjua.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimefua vyote sita. Maji mara tatu. Mzee wa miaka sabini na moja anasugua vitambaa kwenye karai nje, jirani anapita ananiita "Mama Nyumba". Nimemwambia ashike njia yake.

Mama Atieno huvitia kitu vikauke vigumu. Nakumbuka sufuria, maji moto, kitu cheupe. Sukari, nikasema. Vikombe viwili. Vimekauka vimesimama kama kola ya askofu. Nimejisifu peke yangu.

Jumapili, 14 Desemba

Sisimizi. Wametoka dirishani msururu mmoja mpaka kwenye viti, kila kitambaa cheusi tii. Ibada nimekosa. Nilipiga kelele mpaka nikakohoa.

Nikampelekea kimoja kitandani aone mwenyewe nilivyoharibu. Akakitazama, akanitazama mimi. "Unga," akasema. Unga wa ngano! Uji mwepesi wa unga wa ngano. Kuuliza si ujinga, mjinga ni mimi niliyekuwa na fundi chumba cha pili.

Nimefua tena. Mikono imekunjamana.

Jumatano, 17 Desemba

Ndoano ya kufumia imenishinda. Siku mbili najaribu kumalizia kile cha saba. Nafuma mistari miwili, inajikunja kama sikio la mbwa. Nafumua. Nafuma. Nilipotaka kuitupa ndoano dirishani nikakumbuka si yangu.

Binti yetu Atieno amepiga simu kutoka Bondo. "Baba, si ununue tu kimoja Kibuye?" Nimeenda sokoni. Vipo vingi, vizuri, vya mashine. Mama Atieno angekijua hata akiwa amefumba macho. Nimerudi na sukari, ile nyingine niliimaliza kwa sisimizi.

Dawa ya mchana nilichelewa nusu saa. Naandika ili nisijidanganye.

Ijumaa, 19 Desemba

Leo nimetoa sindano yangu ya nyavu. Ilikuwa kwenye mkebe wa misumari.

Miaka yangu yote ya nguvu nilikuwa mtu wa nyavu, pale ufuo wa Dunga. Ndoano ya wanawake siijui, lakini fundo la wavu mikono yangu inalifunga hata nikisinzia. Nimechukua uzi wake mweupe nikaanza pale alipoishia. Kupima matundu nimetumia kijiti cha kiberiti.

Matundu madogo. Nimecheka vibaya nilipoyaona. Ni matundu madogo yaliyoniaibisha zamani. Tamaa, si kingine. Sheria ilijulikana, tundu dogo linabeba hata watoto wa samaki. Maafisa wa uvuvi wakanishika, wavu ukachomwa ufuoni watu wakitazama, nikalala ndani siku mbili. Mama Atieno aliniletea chai kituoni wala hakusema neno. Nilitamani anitukane. Tangu siku hiyo hatujawahi kuizungumzia.

Jumatatu, 22 Desemba

Kimeisha. Nusu ya juu ni maua yake, nusu ya chini ni wavu wangu. Kuna tundu moja pembeni limetoka kubwa, nilisinzia. Kusema kweli ni kibaya. Lakini kinafunika kiti.

Halafu nikaenda nikamwambia kwamba wanakuja. Uji akakataa. Dawa akaitema kwenye shuka.

Nikasema nimechoka. Nikasema nafua, napika, nakugeuza, nakufuta, na wewe kazi yako ni kutazama ukuta. Nilisema kwa sauti kubwa. Chozi likamtoka jicho moja, lile lingine halifungi vizuri.

Nimeona haya. Nimekaa jikoni na taulo begani, sikujua niende wapi. Dawa alimeza saa kumi.

Jumatano, 24 Desemba

Atieno amefika na tawi kubwa la msaiprasi la kuwa mti wa Krismasi na pamba ya kuweka juu, ati theluji. Theluji Kisumu! Amesokota karatasi ya choo, nyeupe na ya waridi, akaipitisha kona hadi kona ya dari kama mama yake alivyomfundisha. Nyota ya bati iko juu ya mlango. Vitambaa sita vimesimama wima, safari hii kwa unga.

Cha saba nimekiweka kiti cha karibu na mlango wa chumbani. Atieno amekitazama, akanyoosha pembe yake iliyopinda, akasema "Asante, Baba." Huyo mtoto hajui kudanganya.

Mama yake bado yuko ukutani. Hajanitazama tangu juzi.

Alhamisi, 25 Desemba

Walikuja sita. Wakaimba. Mlango wa chumbani umefungwa, Atieno ndani na mama yake. Nikamimina chai. Nikaanza kutunga uongo wa kuwaambia.

Wimbo wa pili mlango ukafunguka. Gauni la buluu, kitambaa cha kichwa. Amemwegemea Atieno, mguu unaburuta. Wanawake wakampisha. Akafika kwenye kile kiti, kilikuwa wazi. Hakuketi. Akakivuta kitambaa kwa mkono wa kushoto, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha mbele ya watu wote.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akajaribu kupitisha ncha ya kidole tunduni. Haikupita. Akajaribu jingine. Akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Utashikwa," akasema.

Mama Rose ndiye aliyeelewa kwanza, marehemu mumewe alikuwa mvuvi. Alipiga kelele za kicheko akamwaga chai. Kisha wote. Na mke wangu katikati yao anacheka, mdomo umeenda upande mmoja, mate yanamtoka, hajifichi. Akaketi. Amekaa saa mbili nzima. Mama Rose alipouliza nani alifuma kazi hii, akasema, "Mhalifu."

Nilienda jikoni nikasimama na birika tupu.

Ijumaa, 26 Desemba

Dawa saa moja asubuhi, amemeza. Atieno amerudi Bondo. Makaratasi bado yako darini, nilipotaka kuyashusha mke wangu akasema "Acha."

Mpira ameukataa. Ameomba kitambaa cha saba. Nikamwekea mapajani, nikauweka mkono wa kulia juu yake, ule uliokufa. Tukakaa. Nilikuwa natazama nje, mtu alikuwa anapita na beseni la dagaa wa omena kichwani.

Nilipogeuka kidole cha mwisho cha mkono huo kilikuwa kimeingia kwenye lile tundu kubwa, nililolikosea. Mimi sikukiingiza. Kimejikunja humo, kimeukamata uzi.

Nikamwambia, "Haya, sasa nani ameshikwa?"

Uji ulikuwa umepoa. Nimeupasha tena.