Kilemba cha Wardugu Chahai

Mwaka umetimia, Wardugu wetu, tangu wanajeshi wakuue pale kisimani Orda, huku kwetu jangwani, saa nne asubuhi, sote tukitazama.

Tunakukumbuka ulivyokuwa. Kila baada ya dhoruba ulikuwa wa kwanza kuzoa mchanga kisimani, bila kuuliza ni zamu ya nani. Mgeni alikunywa kwanza, ngamia wake akafuata, wewe ukawa wa mwisho. Chai yako ilizidi sukari hadi meno yakauma. Malori yakikwama ulikuwa ukiwacheka madereva, "Ngamia wangu haombi dizeli, jamani!" kisha unavua viatu na kushinda nao ukisukuma.

Vita hivi havikuwa vyako. Waasi walishuka milimani wakachukua ngamia wako saba huku wakikuita ndugu. Mwezi uliofuata jeshi likapanda kutoka mji wa Faya kuwafukuza, nalo likakuita mwasi.

Siku ile walikuwa wakimtafuta mtu mwenye kovu shavuni. Wanaume wote mkapangwa mstari, mfungue vilemba mlivyojifunika hadi machoni, mfunue nyuso. Shavu lako halikuwa na hata alama ya ndui. Ungefunua tu, ungerudi kumalizia chai yako.

Lakini Mama Kaltuma, mama mkwe wako, alipoona bunduki alitoka mbio kuja kukuombea. Heri angebaki ndani. Miaka tisa hukuwahi kumwonyesha uso wala kumpa neno, kama mila yetu inavyompasa mkwe mwenye adabu zake. Mkono wako ulikuwa umeshafika kwenye kilemba. Ukaushusha.

Mkalimani wao akamweleza kapteni mila hiyo. Kapteni alicheka hadi akakohoa.

"Mtu afe kwa kumwonea haya mama mkwe? Hebu tuone."

Mama akataka kukupa mgongo upate nafasi ya kufunua.

"We bibi, simama hapohapo! Mtazame!"

Ndipo akakusemesha, kwa mara ya kwanza: "Funua, mwanangu! Mimi nimekuruhusu, funua!"

Ukainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza maneno ya mkubwa wake. Kapteni hakungoja.

Tuna hasira, Wardugu, hatufichi. Na wewe pia tumekukasirikia, maana adabu gani hiyo ya kuwaachia watoto uyatima? Kisha tunajilaumu, kwa kuwa sisi ndio tuliokufundisha. Mwenye kovu hajapatikana hadi leo, na kapteni amepandishwa cheo.

Unakumbukwa na mkeo Hawai, wanao Togoi na Zara, kaka yako Djiddi, na Mama Kaltuma, ambaye, ulipokwisha kufa, alikifungua kilemba kwa mikono yake mwenyewe ili wale watu waone shavu lako. Ameomba tukuandikie kwamba una sura nzuri. Anasema miaka yote watu walimwambia mjukuu wake Togoi amefanana na baba yake, naye alikuwa akiitikia tu.

Sasa kila mara Togoi anapoingia, bibi yake hujifunika uso.

Hatutakusahau, leo wala daima.