Kiti Namba Sabini na Mbili

Chama cha Wakunga,
Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 418.
14 Septemba

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta buheri wa afya, na kwamba lile goti sasa linakuruhusu kupanda ngazi za kazini bila manung'uniko. Huku sote hatujambo. Mama ni mzima kupita kiasi, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unafahamu kwamba tangu Juni nipo katika kipindi cha majaribio kama katibu msaidizi wa mkutano mkuu wa wakunga. Unafahamu pia kwamba dada yako ameomba nafasi mkutanoni mara kumi na moja, na mara zote amejibiwa kuwa ukumbi umejaa. Desemba anastaafu, na wastaafu hawapewi viti. Ilikuwa mwaka huu au basi tena.

Ukumbi una viti mia tatu. Maombi yalipita mia tisa. Kamati ilitafuta ukumbi mkubwa zaidi, ikakuta umeshachukuliwa. Ikafikiria kurusha mkutano kwenye simu, mpaka mkunga mmoja akauliza ni mkono upi utashika simu na upi utapokea mtoto.

Ndipo mimi, mdogo kuliko wote mezani, nikaomba ruhusa ya kusema. Nilieleza kwamba hospitali haiwezi kumwachia mkunga siku nzima bila kuacha pengo wodini. Ndiyo maana wakubwa huenda na wengine hubaki. Nikapendekeza wanaotoka mbali wapewe viti mia moja vya siku nzima, na vile mia mbili vilivyosalia vikaliwe kwa zamu. Mkunga mmoja aje asubuhi; saa saba arudi kazini, mwenzake aje akalie kiti kilekile. Nao wakabidhiane kama wanavyokabidhiana wagonjwa: anayetoka haondoki mpaka anayeingia aseme, “Nimepokea.”

Mkuu wa itifaki alicheka mpaka akavua miwani. “Kijana, hiki ni kiti, si kitanda cha wodi!”

“Naam, mheshimiwa,” nilijibu, “ndiyo maana hakuna haja ya mtu mmoja kukilalia kutwa nzima.”

Mwenyekiti hakucheka. Aliniambia, “Liandike hilo pendekezo, nitalisaini.”

Hospitali za karibu zilipigiwa kura ya kupata viti hivyo vya zamu. Kwa kuwa ya Mama ilikuwamo, niliomba kutoka chumbani ili pasiwe na neno la upendeleo. Ilipotajwa, nilikuwa koridoni. Nilimkumbatia mfagizi, ambaye hakuelewa lolote lakini alinipongeza sana. Hospitali ikamteua Matroni kwa asubuhi na Mama kwa mchana.

Juzi saa saba kamili Mama aliingia, sare imenyooshwa kama karatasi. Matroni, aliyehudhuria miaka tisa mfululizo, alikuwa amesimama wima kando ya kiti.

“Kiti namba sabini na mbili,” alianza. “Asubuhi kimepata mada mbili. Ya pili ilichelewa kutoka, ikabidi mwenyekiti aisaidie. Mguu wa nyuma unayumba, uuangalie.”

“Mara ya mwisho kimepewa nini?”

“Chai, saa nne.”

“Nimepokea, Matroni.”

Mstari mzima ulivunjika mbavu. Matroni akachukua mkoba wake, akarudi wodini kushika zamu ya Mama.

Alasiri mtaalamu aliuliza: wakunga wawili wafanyeje wajawazito watatu wanapofikia wakati wao kwa pamoja. Mama alinyoosha mkono. Alizungumza dakika sita, akiwapanga majirani zake kama vitanda, na mtaalamu akawa anaandika. Mwenyekiti akamwomba mbele ya wote arudi mwakani kama mtoa mada.

Viti mia tatu vimekalisha watu mia tano, Mama Mdogo, nami nimepewa ajira ya kudumu. Nakala ya barua nimeiambatanisha. Lakini kwa fahari, hakuna kilichozidi jibu alilotoa Mama, akiwa bado amesimama:

“Nitakuja. Nipangiwe asubuhi au mchana?”

Nisalimie Baba Mdogo na mapacha. Bibi naye anawasalimu nyote. Mwenyezi Mungu akutunze wewe na mikono yako ya kazi.

Ni mimi mwanao akupendaye kwa dhati,
Wakili
(cheo ulichonipa mwenyewe kwa ubishi wangu)